Na Yule Rubani Mwingine Je?

Leo sina mtu wa kukosoa ila mimi mwenyewe. Na wewe pia kidogo, kama ulikuwa mmoja wa wale walituma mioyo. Kaa chini, hii ni ndefu.

Majuzi niliweka video ya sekunde hamsini hivi. Machweo, mawingu, ndege ya zamani ya vita ikipinda angani, piano polepole, halafu sauti yangu nikisimulia kuhusu John Gillespie Magee, rubani wa miaka 19 aliyeandika shairi tamu kuhusu kuruka, akafa miezi michache baadaye ndege mbili zilipogongana. Manze, video ilishika. Wasee wakalia, wakatumiana, wengine wakaandika ati alikufa akifanya alichokipenda. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Nimekumbuka shujaa.

Jioni hiyo mdogo wangu akaitazama kwenye simu yangu tukila. Ako na miaka 19, amemaliza shule, anangoja maisha yaanze. Hakulia. Aliuliza tu: "Umesema ndege ziligongana. Sasa hiyo ingine ilikuwa na nani ndani?"

Nikabaki na ugali mkononi. Sikuwa najua. Nilikuwa nimesoma kuhusu ajali, nimeandika maneno, nimerekodi mara sita, nimechagua muziki, na katika kazi hiyo yote haikunipita akilini kwamba ndege ya pili ilikuwa na mtu. Kwangu ilikuwa kitu ambacho Magee aligonga. Kama mti. Kama ukuta.

Anaitwa Ernest Aubrey Griffin. Alikuwa mwanafunzi wa urubani. Alikuwa na miaka 19 pia.

Nilipata jina lake kwa dakika mbili za kutafuta. Hiyo ndiyo inaniuma. Halikuwa limefichwa popote, mimi ndiye sikulihitaji.

Kwa hivyo acha nisimulie upya, na safari hii bila piano.

Magee alizaliwa Shanghai, Uchina, mwaka wa 1922. Baba yake alikuwa mmisionari Mmarekani, mama yake Mwingereza. Alisoma Uingereza, halafu Marekani, akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Yale. Hakwenda. Ilikuwa 1940, Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani, na Marekani ilikuwa bado imekaa pembeni. Mnamo Oktoba mwaka huo akajiunga na jeshi la wanahewa la Kanada, akafunzwa kuruka huko, akapata mabawa yake mwaka uliofuata, kisha akavuka bahari kwenda kujifunza kuendesha Spitfire. Agosti 1941 aliruka juu sana, na hilo ndilo lililomfanya aandike shairi la mistari 14 aliloliita "High Flight". Mapema Septemba akaliweka kwenye barua, akawatumia wazazi wake.

Tarehe 11 Desemba 1941 alikuwa katika kikosi namba 412 cha Kanada, mkoa wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Siku hiyo hakukuwa na Mjerumani yeyote mbele yake. Alikuwa mazoezini na wenzake. Wakati wa kurudi walishuka kwa kasi kupitia tundu kwenye mawingu. Chini ya mawingu hayo, kwenye futi kama 1,400 hivi, kulikuwa na ndege nyingine ya mazoezi, aina ya Oxford, kutoka chuo cha wanahewa cha Cranwell. Griffin alikuwa ndani yake. Wakagongana.

Mkulima mmoja aliyekuwa akiona kutoka chini alisema baadaye kwamba alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kusukuma nyuma kifuniko cha kioo. Akafanikiwa. Akasimama, akaruka. Lakini ardhi ilikuwa karibu sana, parachuti haikupata nafasi ya kufunguka.

Sasa rudi kwa ile sentensi tamu. Alikufa akifanya alichokipenda. Hapana. Alichokipenda kilikuwa kuruka, na alikufa akianguka na parachuti ambayo haikupata nafasi ya kufunguka. Griffin naye hakuna hata mtu tunayemsikia akisimulia dakika yake ya mwisho. Hiyo sentensi inamfariji anayeisema, na aliyekufa haimsaidii kitu. Inatuwezesha kutazama kifo cha kijana wa miaka 19 kisha tupitishe kidole kwenda video ya mtu anapika chapati.

Nilijiuliza basi: kwa nini namjua mmoja na simjui mwenzake? Ajali moja, anga moja, siku moja, umri mmoja. Jibu la haraka ni shairi. Sawa, Magee aliacha shairi, Griffin hakuacha kitu tunachokijua. Lakini hata hilo halitoshi, kwa sababu vijana wengi waliandika mashairi vitani na hayakufika popote.

Shairi la Magee lilifika kwa sababu lilipata njia. Wakati huo baba yake alikuwa kasisi katika kanisa moja Washington, mji mkuu wa Marekani, na alilichapisha kwenye karatasi za kanisa. Marekani ndiyo kwanza ilikuwa imeingia vitani, siku tatu tu kabla ya Magee kufa, na ilikuwa inatafuta sura ya kijana Mmarekani aliyejitolea mapema. Mwanzoni mwa 1942 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaliweka katika maonyesho ya mashairi. Baadaye stesheni za televisheni za Marekani zikawa zinalisoma usiku zikifunga matangazo. Mnamo Januari 28, 1986, chombo cha angani cha Challenger kilipolipuka na kuua watu saba, Rais Ronald Reagan alichukua maneno kutoka shairi hilo kufunga hotuba yake.

Sisemi baba alifanya vibaya. Mzazi amezika mtoto, ana karatasi moja aliyoandikiwa na huyo mtoto, afanye nini? Angekuwa wangu ningeibandika kila ukuta wa mji. Ninachosema ni kwamba hata kukumbukwa kunahitaji kujuana na mtu. Sisi Wakenya hii tunaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Tunajua kazi hupatikana kwa kujuana, kitanda hospitalini hupatikana kwa kujuana. Kumbe na kumbukumbu pia. Magee alikuwa na baba mwenye mahali pa kuchapisha, na taifa lililokuwa linatafuta hadithi. Griffin alikuwa mwanafunzi kwenye ndege ya mazoezi.

Na ndege ya mazoezi, hapo ndipo kuna tatizo lingine. Hatujui la kufanya na kifo cha mazoezini. Filamu zimetufundisha kwamba askari hufa akipambana na adui. Kama hakuna adui, tunaona aibu kidogo, kana kwamba marehemu alikosea njia ya kufa. Ndiyo maana ukisikia Magee akitajwa, mara nyingi anatajwa kama rubani aliyeuawa vitani, halafu neno ajali linamezwa. Mimi mwenyewe nililimeza. Nilisema ndege ziligongana nikaongeza mlio wa mzinga chini ya muziki. Mzinga wa nani? Hakukuwa na mzinga.

Lakini hebu tazama hesabu. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, kile kilichoitwa Bomber Command, kilipoteza watu 55,573 katika vita hivyo. Kati yao zaidi ya 8,000 walikufa kwenye mazoezi na ajali nyingine, mbali na adui. Marekani, bila hata kutoka nje ya mipaka yake, ilipoteza takriban wanahewa 15,000 wakijifunza kuruka. Walikuwa vijana waliokabidhiwa mashine zenye nguvu kuliko uzoefu wao, hali ya hewa mbaya, usiku, haraka ya vita, walimu waliochoka, anga iliyojaa wanafunzi wengine. Hii haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa bei, na wakubwa waliijua, na waliendelea kuilipa kwa watoto wa watu.

Kwa hivyo ukimwita Griffin shujaa na kuishia hapo, unamfunika. Shujaa haulizwi alikufaje. Ukisema alikufa kwenye ajali ya mazoezi akiwa na miaka 19, hapo maswali yanaanza: nani alipanga ratiba ya anga hiyo, kwa nini makundi mawili yalitumia nafasi moja siku ya mawingu, alikuwa ameruka mara ngapi kabla ya siku hiyo? Mimi sina majibu hayo. Lakini mtu akikumbukwa kwa ukweli, angalau maswali yake yanabaki hai.

Najua tayari kuna mtu anasema, haya ni mambo ya wazungu, Lincolnshire, Shanghai, yanatuhusu nini sisi wa Umoja na Rongai?

Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba mazoezi hayo yalifanyika hapa pia. Wakati wa vita hivyo hivyo, Uingereza ilikuwa na vituo vya kufunza wanahewa wake Nakuru na Nanyuki. Vijana waliletwa kutoka mbali kujifunza kuruka juu ya Bonde la Ufa na pembeni mwa Mlima Kenya, na wengine hawakurudi kwao. Makaburi ya vita yako Nakuru, yako Nanyuki, mawe meupe yamepangwa mistari. Wewe umepita Nakuru mara ngapi ukienda kupiga picha na flamingo? Mimi nimepita mara nyingi na sijawahi kusimama.

Ya pili ni nzito zaidi. Kuna tume inayotunza makaburi hayo, na ndiyo hiyo hiyo inayotunza kaburi la Magee katika kijiji cha Scopwick. Ilianzishwa mwaka wa 1917, na kanuni yake ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa atatajwa kwa jina, na hakuna tofauti kati ya jenerali na askari wa kawaida, wala ya rangi, wala ya dini. Ni kanuni ya kumtetea Griffin. Huhitaji shairi. Huhitaji baba mwenye gazeti la kanisa. Ulikufa, jina lako linaandikwa, basi.

Kumbe kanuni hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Mnamo Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa hasa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wabeba mizigo. Watu wetu. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Mtaa wa Kariokor unapoenda kula nyama choma Jumamosi umepata jina kutokana na kikosi hicho cha wabebaji. Jina la kikosi tunalo hadi kwenye matatu. Majina ya watu hatuna.

Na pale Kenyatta Avenue kuna zile sanamu tatu za shaba. Ukisimama usome maandishi, yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watakumbuka jina lako. Zunguka hizo sanamu polepole, utafute jina lenyewe. Hakuna hata moja. Ahadi ya kukumbuka jina imeandikwa kwa lugha tatu, jina likasahauliwa.

Hapo sasa ndipo nataka tuache kulaumu wakoloni peke yao, kwa sababu hiyo ni rahisi na inatuacha tukiwa safi. Twende karibu zaidi. Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi letu ilianguka Elgeyo Marakwet. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ambaye mwenyewe alikuwa rubani, alikufa. Nchi iliomboleza, na ilistahili. Lakini waliokufa siku hiyo walikuwa kumi. Bila kuangalia simu, nitajie mmoja tu kati ya wale tisa wengine.

Nilijaribu. Sikuweza hata mmoja. Hakuna mkoloni aliyenizuia. Majina yalisomwa, yakaandikwa magazetini, nikayasikia, nikayaacha yapite kwa sababu nilikuwa tayari nimeshapata sura ya kuweka kwenye posti yangu ya rambirambi.

Sasa mnaona venye ugonjwa ni ule ule? Tunakumbuka wafu kama tunavyofuata watu mtandaoni. Mwenye cheo, mwenye sura nzuri, aliyeacha maneno ya kunukuu, huyo anapata nafasi. Aliyebaki anakuwa nambari, au anakuwa ndege ya pili.

Najua hoja mbili mtakazonirushia, kwa hivyo wacha nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Huwezi kukumbuka kila mtu." Ni kweli. Sikuombi ukariri majina laki tatu. Lakini Griffin hakuwa mmoja kati ya laki tatu kwenye video yangu. Alikuwa mmoja kati ya wawili! Ukisimulia ajali ya watu wawili ukamtaja mmoja, usiniambie nafasi haikutosha. Nilikuwa na sekunde hamsini. Jina lake linachukua mbili.

Ya pili: "Shairi ni zuri, kwa nini unaliharibu?" Siliharibu. Lisome, ni zuri kweli, na inashangaza kijana wa miaka 19 kuandika hivyo. Linahusu furaha ya kuruka, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Tatizo ni venye tunalitumia. Tunalichukua lile la Agosti tunalifunika juu ya lile la Desemba, ili tusione shamba, wala kifuniko cha kioo, wala mtoto wa mtu mwingine aliyekuwa ndani ya Oxford. Magee hakuandika kuhusu kifo chake. Sisi ndio tuliogeuza shairi lake kuwa blanketi.

Na hapa naongea na sisi tunaotengeneza video hasa. Kifo cha kijana kinauza, na sisi sote tunajua. Picha ya zamani isiyo na rangi, umri umeandikwa kwa herufi kubwa, muziki, sentensi moja ya kuumiza. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ningependa kukubali. Marehemu hawezi kukataa, hawezi kuomba sehemu ya mapato, hawezi kusema hiyo siyo hadithi yangu. Ndiyo maana tunapaswa kuwa waangalifu nao kuliko walio hai. Mtu hai ukimkosea atakuja kwenye ujumbe wako usiku akutukane. Griffin hawezi.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Ile video nimeiondoa, pamoja na mioyo yake yote. Mpya itakuwa na majina mawili kwenye sekunde kumi za kwanza, na neno ajali litasemwa waziwazi, na neno mazoezi pia. Haitakuwa na piano. Labda itatazamwa na watu arobaini. Sawa tu.

Na kuanzia sasa nina sheria tatu zangu, ukitaka zichukue. Nikisimulia kifo, nitataja wote waliokufa pale kama majina yanajulikana. Nitasema kilichowaua, hata kama si cha kishujaa. Na sitasema mtu alikufa akifanya alichokipenda, isipokuwa yeye mwenyewe amerudi kuniambia.

Inawezekana kurekebisha, hata baada ya muda mrefu. Mnamo Januari 2025 kule Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya zaidi ya Waafrika Kusini weusi 1,700 waliokufa wakihudumu kwenye Vita vya Kwanza, kila mmoja na jina lake. Ilichukua zaidi ya miaka mia. Mtu alikaa chini na karatasi za zamani akatafuta jina moja baada ya jingine. Sisi tuna simu mkononi na tunashindwa na dakika mbili.

Kwenu kuna mtu kama huyo pia, sina shaka. Babu mkubwa aliyeenda vitani hakurudi, au binamu aliyekufa mafunzoni na familia ikaambiwa ni ajali, mambo yakaisha hapo. Uliza jina lake wikendi hii ukienda nyumbani. Jina kamili, si "yule wa jeshi". Uliandike mahali.

Usiku ule mdogo wangu alimaliza kula, akaosha mikono, akachukua simu yangu tena. Nilidhani anatazama video upya. Alikuwa anatafuta Griffin alikuwa na ndugu wangapi. Hakupata. Akaniambia, "Si ungeanza na hiyo."